WILFRID LE GROS CLARK: VISUKUKU VYA TINDERET NA FUMBO LA KUONA

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba macho hayana pazia. Walimaanisha kuwa jicho lililo wazi haliwezi kuzuiwa kutazama kilicho mbele yake. Hata hivyo, wataalamu wa ubongo wamebainisha kwamba kutazama na kuona ni mambo mawili tofauti. Nuru huingia jichoni, lakini kuona kwenyewe hukamilika ubongoni, na si kila kinachofika jichoni hutambuliwa na mwenye jicho.

Mfano ulio karibu unapatikana katika mashamba ya chai ya Kericho na Bomet. Mchumaji chai husimama mbele ya uwanda wa majani ya kijani usio na mwisho. Kwa muda mfupi mno, mikono yake huchuma majani mawili machanga pamoja na chipukizi, na kuyaacha yaliyokomaa. Tofauti ya rangi baina ya jani changa na jani lililokomaa ni ndogo, lakini mchumaji huitambua bila hata kuifikiria. Ingawa katika mashamba makubwa kazi hii sasa hufanywa kwa kiasi kikubwa na mashine, uwezo wa jicho la mchumaji ungali fumbo kwa sayansi. Je, uwezo huo ulitoka wapi? Na ubongo hufanya nini ili rangi na umbo la jani vitambuliwe na nafsi?

Mtu mmoja aliyeyatolea maswali hayo sehemu kubwa ya maisha yake ni Sir Wilfrid Edward Le Gros Clark, mtaalamu wa anatomia kutoka Uingereza. Jina lake halitajwi sana nchini Kenya, ilhali kazi yake ilihusiana moja kwa moja na ardhi iliyo chini ya milima ya chai ya Kericho. Makala haya yanasimulia maisha yake, mafanikio yake, pamoja na mawazo yake ambayo wakati uliyakataa.

Maisha ya awali

Le Gros Clark alizaliwa tarehe 5 Juni 1895 katika mji wa Hemel Hempstead, Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi. Baada ya masomo ya shule alijiunga na Hospitali ya St Thomas jijini London kusomea udaktari. Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipopamba moto, alihitimu mapema na kupelekwa Ufaransa kama daktari wa jeshi.

Vita hivyo viliigusa familia yake kwa namna ya pekee. Kaka yake, Frederick, alipata majeraha yaliyomfanya apoteze uwezo wa kuona. Frederick hakukata tamaa; aliishi miaka mingi akiwa mwandishi na mtaalamu wa masuala ya lishe. Vita hivyo hivyo ndivyo vilivyowafunza madaktari mengi kuhusu ubongo na kuona. Daktari Gordon Holmes aliwachunguza askari waliopigwa risasi nyuma ya kichwa, akabaini kwamba jeraha katika sehemu fulani ya ubongo wa nyuma huleta doa la upofu katika sehemu fulani maalumu ya yale yanayotazamwa, hata kama macho ni mazima kabisa. Kabla yake, Mjapani Tatsuji Inouye alikuwa amefikia matokeo ya aina hiyo kwa kuwachunguza askari wa vita baina ya Urusi na Japani. Kwa hivyo, Le Gros Clark alianza kazi yake wakati ambapo ilikwisha kudhihirika kwamba mtu aweza kuwa na macho yasiyo na kasoro na bado asione.

Safari ya Sarawak

Mwaka 1920 Le Gros Clark alikwenda Sarawak, katika kisiwa cha Borneo, kuwa daktari mkuu wa serikali. Alikaa huko hadi mwaka 1923. Pamoja na kutibu wagonjwa, alitumia nafasi hiyo kuwachunguza wanyama wadogo wa msituni. Wawili kati yao walimvutia zaidi. Wa kwanza ni tupaya, mnyama mdogo anayefanana na kindi. Wa pili ni tasia, mnyama wa usiku mwenye macho makubwa ajabu kuliko kimo chake.

Aliporejea Uingereza alianza kuchapisha tafiti kuhusu ubongo wa wanyama hao. Alilinganisha sehemu zinazoshughulikia harufu na zile zinazoshughulikia kuona. Kutokana na ulinganisho huo alijenga hoja iliyompatia umaarufu. Alidai kwamba mababu wa kale wa jamii ya primati, yaani kundi la kima, sokwe na binadamu, walipohamia mitini, pua ilipungua umuhimu na jicho likachukua nafasi yake. Mnyama anayeruka kutoka tawi hadi tawi anahitaji kupima umbali kwa usahihi. Macho yaliyoelekea mbele huangalia kitu kimoja kutoka pembe mbili, na ubongo huziunganisha picha mbili hizo ili kupata kina. Kwa mujibu wa hoja hiyo, kuona ndiko kulikoukuza ubongo wa primati.

Oxford na njia ya kuona

Baada ya kufundisha katika hospitali za St Bartholomew na St Thomas jijini London, Le Gros Clark aliteuliwa mwaka 1934 kuwa profesa wa anatomia katika Chuo Kikuu cha Oxford. Alishikilia wadhifa huo hadi alipostaafu mwaka 1962. Mwaka 1935 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society.

Ili kuielewa kazi yake ya miaka hiyo, ni vyema kueleza kwa ufupi njia inayopitiwa na habari za kuona. Nyuma ya jicho kuna utando uitwao retina, wenye chembe zinazopokea nuru. Kutoka hapo nyuzi zaidi ya milioni moja kwa kila jicho huungana na kuwa neva ya macho. Neva mbili hizo hukutana chini ya ubongo, ambapo takribani nusu ya nyuzi za kila jicho huvuka kwenda upande wa pili. Kwa utaratibu huo, nusu ya kushoto ya ubongo hupokea habari za upande wa kulia wa yanayotazamwa kutoka macho yote mawili, na nusu ya kulia hupokea za upande wa kushoto. Nyuzi nyingi huishia katika kituo kidogo kilicho ndani ya thalamasi, katikati ya ubongo. Kituo hicho ndicho huzipokea habari na kuzipeleka katika gamba la ubongo wa nyuma.

Kituo hicho cha thalamasi ndicho kilichomshughulisha Le Gros Clark. Katika kima na binadamu kimepangwa kwa matabaka sita, mithili ya kurasa za kitabu. Mwaka 1934 yeye na mwenzake Penman walichapisha utafiti uliofanywa kwa kima. Walijeruhi sehemu ndogo sana za retina, kisha wakachunguza ni chembe zipi za kituo zilizosinyaa kwa kukosa habari. Matokeo yalikuwa bayana. Sehemu zilizo jirani katika retina hupeleka habari katika sehemu zilizo jirani katika kituo. Kwa maneno mengine, ramani ya retina huhifadhiwa ndani ya ubongo. Aidha, matabaka sita yamegawanywa baina ya macho mawili: matatu hupokea habari kutoka jicho moja na matatu kutoka jicho la pili. Ingawa habari za macho mawili hufika mahali pamoja, hazichanganywi hapo. Huchanganywa mbele zaidi, katika gamba la ubongo.

Mwaka 1941, akishirikiana na Paul Glees, aliendelea kuchunguza jinsi nyuzi za macho zinavyoishia katika kituo hicho. Mwaka 1947 alitoa mhadhara uliokusanya mawazo yake. Alishikilia kwamba uwezo wa kubainisha hisi moja na nyingine unatokana na mpangilio wa miunganisho ya neva. Rangi, umbo na mahali pa kitu havibebwi na neva kama mizigo iliyofungwa tayari. Hubainishwa kutokana na mahali neva inapoanzia na inapoishia.

Afrika Mashariki

Mwezi Januari 1947 ulifanyika mjini Nairobi mkutano wa kwanza wa Afrika kuhusu historia ya kale, ulioandaliwa na Louis Leakey. Le Gros Clark alihudhuria. Kabla ya kufika Nairobi alikuwa amepitia Afrika Kusini kuyachunguza mwenyewe mafuvu yaliyogunduliwa na Raymond Dart na Robert Broom. Wanasayansi wengi wa Ulaya walikuwa wakisema kwamba mafuvu hayo ni ya sokwe tu. Le Gros Clark alijiandaa kwa kuchunguza kwanza mafuvu ya sokwe wengi, kisha akatoa uamuzi kwamba viumbe vile vya Afrika Kusini vilikuwa katika ukoo wa binadamu. Uamuzi huo ulibadilisha msimamo wa wengi, na Afrika ikaanza kuchukuliwa kwa uzito kuwa chimbuko la binadamu.

Hapo ndipo kazi yake ilipokutana na nchi iliyo jirani na mashamba ya chai. Atokaye Kericho kuelekea kaskazini huteremka hadi Fort Ternan, Koru na Songhor, kando ya mlima Tinderet. Tinderet ni volkano iliyozimika zamani. Majivu na lava yake vilifunika misitu na wanyama wa kale, na mabaki yao yakageuka kuwa visukuku. Mwaka 1926 taya la sokwe wa kale lilipatikana Koru katika shamba la mlowezi. Mwaka 1933 A. T. Hopwood alimpa kiumbe huyo jina la Proconsul, kwa kumkumbuka Consul, sokwe aliyekuwa maarufu katika maonyesho ya Uingereza. Visukuku vya Koru na Songhor vina umri wa takribani miaka milioni 20.

Baada ya mkutano wa Nairobi, Le Gros Clark alisaidia kutafuta fedha za utafiti katika maeneo hayo na Kisiwa cha Rusinga. Mwezi Oktoba 1948 Mary Leakey aligundua fuvu la kiumbe huyo Rusinga. Alilibeba mwenyewe katika ndege hadi Uingereza, na Le Gros Clark akalichunguza Oxford. Uso ulikuwa umehifadhika vizuri, na matundu ya macho yalielekea mbele. Mwaka 1951 yeye na Louis Leakey walichapisha kitabu kuhusu sokwe hao wa kale wa Afrika Mashariki, kitabu kilichokuwa msingi wa tafiti zilizofuata.

Ikumbukwe kwamba visukuku hivyo havikupatikana kwa juhudi za Wazungu pekee. Wakenya walifanya kazi ya kutafuta na kuchimba, na baadhi yao walikuwa na macho makali kuliko maprofesa. Mmoja wao ni Heselon Mukiri, aliyefanya kazi na Leakey kwa miaka mingi. Mwaka 1993 spishi moja ya Rusinga iliitwa heseloni kwa heshima yake. Tangu mwaka 2015 spishi za Rusinga zimewekwa katika jenasi ya Ekembo, na jina Proconsul limebakia kwa viumbe vya eneo la Tinderet. Fuvu la mwaka 1948 nalo lilirejeshwa Kenya baada ya kukaa Uingereza kwa muda mrefu.

Katika Fort Ternan, ndani ya Kericho yenyewe, Leakey alipata mwaka 1961 mabaki ya sokwe mwingine, Kenyapithecus wickeri, mwenye umri wa takribani miaka milioni 14. Leakey alimwona kuwa katika ukoo wa binadamu. Leo wataalamu humhesabu miongoni mwa sokwe wa kale.

Udanganyifu wa Piltdown

Tukio lililompa Le Gros Clark umaarufu mkubwa kwa umma lilihusu macho kwa njia nyingine. Mwaka 1912 ilitangazwa Uingereza kwamba fuvu la binadamu wa kale limepatikana mahali paitwapo Piltdown. Lilikuwa na ubongo mkubwa kama wa mtu wa leo na taya kama la sokwe. Ugunduzi huo uliwafurahisha waliotaka kuamini kwamba binadamu wa kwanza alitokea Ulaya na kwamba ubongo wake ulikua kabla ya viungo vingine. Kwa sababu hiyo, visukuku vya Afrika vyenye ubongo mdogo vilipuuzwa kwa miaka mingi.

Mwaka 1953 Joseph Weiner, aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya Le Gros Clark, alianza kushuku. Alichukua jino la sokwe, akalisugua kwa tupa na kulitia rangi, kisha akamwonyesha mkuu wake. Lilifanana sana na meno ya Piltdown. Wawili hao, pamoja na Kenneth Oakley, walichunguza upya vitu vilivyohifadhiwa. Mnamo Novemba mwaka huo walitangaza kwamba ni udanganyifu mtupu. Taya lilikuwa la sokwe, meno yalikuwa yamesuguliwa, na mifupa ilikuwa imepakwa rangi ili ionekane ya kale.

Alama za tupa zilikuwa wazi juu ya meno, na Le Gros Clark mwenyewe alistaajabu jinsi zilivyopita bila kutambuliwa kwa muda mrefu hivyo. Wataalamu wenye macho mazuri walikuwa wameyatazama meno hayo kwa miaka 40 bila kuziona. Sababu haikuwa upungufu wa nuru au wa retina. Ubongo wao ulikuwa umekwisha kujiandaa kuona meno ya kale. Mara swali sahihi lilipoulizwa, alama zilijitokeza. Tukio hilo linadhihirisha jambo ambalo tafiti za baadaye zimelithibitisha: ubongo haupokei tu picha kutoka jichoni, bali huleta matarajio yake na kuyatumia kufasiri kinachoingia. Hata kituo kile cha thalamasi hupokea nyuzi nyingi zaidi kutoka gamba la ubongo na sehemu nyingine za ubongo kuliko kutoka jichoni.

Mawazo yaliyosahihishwa

Si kila alilolisema Le Gros Clark lilidumu. Kwa kuwa kila jicho lina matabaka matatu katika kituo cha thalamasi, na kwa kuwa jicho la binadamu lina aina tatu za chembe za rangi, alipendekeza kwamba kila tabaka hushughulikia rangi moja. Lilikuwa wazo la kuvutia. Hata hivyo, mwaka 1966 Torsten Wiesel na David Hubel walirekodi umeme wa chembe za kituo hicho katika kima, na hawakukuta mgawanyo huo. Matabaka manne ya juu huwa na chembe ndogo, na ndimo chembe nyingi za rangi hupatikana. Mawili ya chini huwa na chembe kubwa zinazoitikia zaidi mwendo na tofauti za mwangaza. Hesabu ya tatu na tatu ilikuwa sadfa.

Vivyo hivyo, alimweka tupaya katika kundi la primati, lakini baadaye mnyama huyo aliondolewa na kupewa oda yake mwenyewe. Mwaka 1964 alimpinga Leakey alipotangaza spishi ya Homo habilis kutoka Olduvai, na jina hilo likadumu. Nayo hoja yake kuhusu miti ilihojiwa katika miaka ya 1970 na Matt Cartmill, aliyesema kwamba kindi huishi mitini ilhali macho yake yako kando. Kwa maoni ya Cartmill, macho yaliyoelekea mbele yanawafaa wawindaji, kama vile bundi na paka, na huenda mababu wa primati walikuwa wakiwinda wadudu katika matawi membamba.

Kuhusu rangi, tafiti zimepiga hatua. Kima wa Afrika na Asia, sokwe na binadamu wana aina tatu za chembe za rangi, urithi wa zaidi ya miaka milioni 30. Mwaka 2001 Nathaniel Dominy na Peter Lucas walichapisha utafiti wa msitu wa Kibale, Uganda, ulioonyesha kwamba uwezo huo huwasaidia kima na sokwe kuyatambua majani machanga yenye lishe kati ya majani makuukuu. Si jambo lililokubaliwa na wote, kwa kuwa wengine husisitiza matunda. Hata hivyo, likiwa kweli, mchumaji chai wa Kericho hutumia uwezo ambao mababu wa mbali waliutumia kutafuta chakula, na ambao sokwe wa Koru pia waliurithi.

Swali lililobaki

Le Gros Clark alitunukiwa cheo cha Sir mwaka 1955. Baada ya kustaafu aliendelea kuandika, na mwaka 1968 alichapisha kumbukumbu za maisha yake. Aliaga dunia tarehe 28 Juni 1971.

Miaka michache baadaye, Lawrence Weiskrantz wa chuo hicho hicho cha Oxford na wenzake walimchunguza mgonjwa aliyepoteza sehemu ya gamba la kuona. Katika upande uliopofuka mgonjwa alisema haoni kitu. Alipoombwa kubahatisha mahali palipo na nuru, aliielekeza kwa usahihi mkubwa. Habari ilikuwa imefika ubongoni na kutumika bila yeye kuitambua. Matokeo hayo yalionyesha kwamba ramani pekee haitoshi kueleza kuona kwa kutambua. Wako wanaoshikilia kwamba utambuzi hutokea pale sehemu za mbele za gamba zinaporudisha ishara kwa sehemu za nyuma, na wako wanaosema hutokea pale habari inapoenezwa ubongoni kote. Mjadala haujafungwa.

Hitimisho

Maisha ya Le Gros Clark yanadhihirisha thamani ya kuchunguza kwa macho yako mwenyewe kabla ya kuamua. Aliyaamini mafuvu ya Afrika Kusini baada ya kuyashika, akayakataa ya Piltdown baada ya kuyashika. Alipokosea, alikosea kwa hoja zilizo wazi ambazo wengine waliweza kuzipima na kuzisahihisha. Kwa wanafunzi wa Kericho, Bomet na kwingineko Afrika Mashariki, visukuku vya Tinderet vingali ardhini, na swali la jinsi ubongo unavyozaa kuona lingali linasubiri watafiti. Hapana sababu kwa nini watafiti hao wasitoke miongoni mwa watoto waliokulia kwenye mashamba ya chai.